Kabla Bahasha Haijafika Madhabahuni: Mwongozo kwa Mkristo Raia wa Uganda

Msimu mmoja wa kampeni, nikiwa mweka hazina wa kanisa letu dogo linalosali kwa Kiswahili, mgombea mmoja alitujia Jumapili na msafara wa magari matatu. Mchungaji akampa kipaza sauti "asalimie tu". Alisalimia kwa dakika arobaini. Mwishoni akaahidi mabati sitini, na mabati yakaja kweli, siku ya Jumatano. Niliyapokea mimi, nikatia sahihi. Akina mama wakapiga vigelegele. Miaka miwili baadaye pesa za kalvati la barabara inayopita mbele ya kanisa ziliyeyuka. Mvua ikaikata njia, watoto wakawa wanavushwa mgongoni kwenda shule, na sisi wazee wa kanisa tukanyamaza. Nani angefungua mdomo? Mvua yenyewe tulikuwa tunaisikilizia chini ya mabati yake.

Ukimya ule ndio ulionikalisha niandike. Ninaandika kwa Mkristo wa kawaida, mwenye kibanda sokoni au boda boda stejini, ambaye akiambiwa "wajibu wa raia" anafikiria foleni ya kura tu, mara moja kila miaka 5. Kura ni sehemu ndogo. Kazi kubwa iko kijijini, kwenye vikaratasi na mikutano ambayo tunaidharau.

Maandiko nitayapitia haraka, maana mengi unayajua. Warumi 13 tumesomewa hadi tumeikariri, hasa na viongozi. Wakifika mstari wa 4, unaomwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako, huwa wamekwisha kuketi. Mtumishi huulizwa hesabu. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya watu wote akawaambia washuhudie: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimepokea rushwa kwa nani? Hakungoja aulizwe. Naye Paulo, baada ya kuchapwa Filipi bila kuhukumiwa, aliambiwa aondoke kimya kimya. Akakataa. Alisema yeye ni Mrumi, basi wakuu wa mji waje wamtoe wenyewe. Mtume yule yule aliyeandika Warumi 13 alijua haki zake za uraia na akazitumia hadharani. Ukiisoma barua yake, kumbuka na mgongo wake ulivyokuwa.

Hatua ya kwanza: weka karatasi zako sawa

Bila ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, wewe ni mgeni nyumbani kwako. Kadi ya kwanza NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, hutoa bure. Ukiipoteza, kupata nyingine ni shilingi 50,000, kwa hiyo usiitembeze mfukoni kama tiketi ya taksi. Hakikisha jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji vimeandikwa sawa, maana kosa dogo la herufi litakusumbua benki, hospitali na kwenye urithi wa shamba la baba yako.

Kisha daftari la wapiga kura. Ibara ya 59 ya Katiba inampa kila raia mwenye miaka 18 haki ya kupiga kura, na inasema pia kwamba kujiandikisha ni wajibu. Kabla ya uchaguzi mkuu Tume ya Uchaguzi hubandika daftari kwenye vituo ili watu walikague. Hapo ndipo Wakristo wengi hatuonekani, kisha siku ya kura tunalia kwamba jina halipo. Nenda ukaangalie jina lako na la mama yako mzee. Angalia pia marehemu wa kijiji, kwani jina la marehemu lililobaki kwenye daftari linaweza kupigiwa kura na mtu aliye hai. Kama umehama, omba kituo chako kibadilishwe mapema, kabla muda wa marekebisho haujafungwa.

Kanisani kwetu kazi hii tumewapa vijana wa kwaya. Wana simu, wana miguu.

Hatua ya pili: LC1 ni yako

Wengi wanadhani LC1, yaani baraza la kijiji, ni mwenyekiti na muhuri wake. Kwa sheria, baraza la kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Wale kumi wa kamati ni watendaji tu. Wewe tayari ni mjumbe, umekuwa ukikosa mikutano.

Fanya hivi. Mwulize mwenyekiti mkutano wa kijiji utakuwa lini. Akisema haujapangwa, mwombe apange, ukiwa na majirani watano au sita, wa dini mchanganyiko ikiwezekana. Nendeni na jambo moja, si kumi: taa ya njia panda, kisima, jalala. Mwombeni katibu aandike kilichoamuliwa, mpige picha ule ukurasa. Jambo lisiloandikwa kijijini halikusemwa.

Kiti kikiwa wazi, gombea. Yothamu alisimulia jinsi mzeituni, mtini na mzabibu walivyokataa ufalme, kila mmoja na kisingizio chake kizuri, mpaka miti ikaishia kumtawaza mti wa miiba. Wazee wetu wa kanisa ni mizeituni wa namna hiyo. "Siasa ni chafu, ndugu." Sawa, lakini muhuri wa kijiji lazima ushikwe na mkono wa mtu.

Uchaguzi wa LC1 una aibu yake. Mwaka 2018, tulipoufanya tena baada ya miaka mingi tangu ule wa 2001, watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, jua likiwaka, kila mtu akiona. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akihama mstari baada ya kuona nani amesimama wapi. Mwambie mkeo au mumeo mapema kwamba mnaweza kusimama mistari tofauti, na jioni mle sahani moja.

Mahakama ya LC ina mipaka yake, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Madeni madogo, ugomvi wa mbuzi kula mihogo, matusi, hayo yanafaa kusuluhishwa kijijini, na kanisa lina kipaji cha kupatanisha. Mtoto akinajisiwa, hakuna upatanisho wa ofisini kwa mchungaji. Hakuna ng'ombe wa fidia, hakuna "tusiliaibishe kanisa". LC hana mamlaka ya kuhukumu kesi hiyo na mchungaji naye hana. Nenda polisi na kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajaogeshwa, au piga 116, simu ya bure ya Sauti. Kulinda watoto kumeandikwa katika Ibara ya 17, pale zilipoorodheshwa kazi za raia. Nimeona makanisa yanayofunga siku arobaini kuiombea nchi yakiishindwa siku hii moja.

Hatua ya tatu: ya Kaisari

Mama anayeuza nyanya husema yeye hatozwi kodi. Anatozwa. Akinunua bidhaa yenye VAT, asilimia 18 imo ndani ya bei. Akitoa pesa kwenye simu anakatwa asilimia 0.5, akinunua bando kuna asilimia 12. Kwa hiyo asimruhusu mtu amwambie "nyinyi hamlipi kodi, nyamazeni".

Mwenye duka aangalie mauzo ya mwaka. Yakiwa chini ya milioni 10 hadaiwi kodi ya mapato, yakizidi, kuna kiwango cha biashara ndogo kinacholipwa kwa mauzo. Mfanyakazi anayepata zaidi ya 235,000 kwa mwezi hukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Weka daftari la mauzo, hata la kurasa 96 la shilingi chache. Ofisa akikukadiria kwa macho, wewe umjibu kwa hesabu. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Basi kuna ndugu zetu wa URA (mamlaka ya kodi) na wa gombolola (utawala ulio chini ya wilaya) ambao ubatizo wao unaonekana, au hauonekani, kwenye kitabu cha risiti.

Na kanisa lenyewe je? Kanisa lina mlinzi, lina mwalimu wa nasari, lina mama wa usafi. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri yeyote, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kumwekea akiba: asilimia 5 kutoka mshahara wa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri. Tulipolileta hili kwenye baraza la wazee kukawa na kikohozi kirefu. Mlinzi wetu alikuwa amelinda miaka 9 kwa "baraka".

Hatua ya nne: soma ubao wa matangazo

Ningeweza kukuachia hatua moja tu, ningekuachia hii.

Kati ya 1991 na 1995 serikali ilikuwa ikituma ruzuku kwa shule za msingi kulingana na idadi ya wanafunzi. Uchunguzi ulipofanywa mwaka 1996 ukaonyesha kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya pesa hizo iliyofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, wilayani. Halafu likafanyika jambo dogo: kiasi kilichotumwa kikaanza kutangazwa magazetini, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichofika. Wazazi wakaweza kulinganisha namba mbili. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya pesa ilikuwa inafika. Karatasi ukutani si hirizi, na mageuzi mengine yalikuwepo, lakini ulinganisho ule ulifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya.

Kwa hiyo tembea na kalamu. Kwenye shule, kituo cha afya, gombolola, tafuta ubao. Andika kiasi, tarehe na kazi iliyokusudiwa. Mpango wa Maendeleo wa Muluka (muluka ni ngazi iliyo juu ya kijiji), ulioanzishwa Februari 2022, unatuma milioni 100 kwa kila muluka, na kila kaya inayokubaliwa hukopeshwa hadi milioni 1 kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo. Majina ya waliopata si siri. Mbona kwenye baadhi ya vijiji tunayasikia kwa mnong'ono? Kituo cha afya vilevile: dawa za serikali zina alama ya UG na haziuzwi. Ukiuziwa, hifadhi pakiti.

Ubao ukiwa mtupu, uliza kwa mdomo, kwa adabu. "Mheshimiwa, tumekuja kama wazazi, tunaomba kuona kilichofika muhula huu." Ukizungushwa, andika barua. Sheria ya mwaka 2005 ya upatikanaji wa habari inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Barua iwe fupi: mimi nani, naomba nini, cha mwaka upi. Hakuna haja ya kueleza sababu, na wala usitie mstari wa Biblia wa kumtisha ofisa. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo yenye muhuri ndiyo silaha.

Kuna pia baraza, lile lililoanzishwa mwaka 2009, ambapo viongozi huketi mbele ya wananchi na kueleza pesa zimefanya nini. Neno ni letu la Kiswahili, inashangaza wasemaji wake ndio tunaokosekana. Labda tumezoea kujificha. Kwa wazee wengi nchini hapa Kiswahili bado kinanuka bunduki na "panda gari", misako ile ya askari ya kukamata watu, nasi tumejifunza kusema kwa sauti ya chini sokoni. Lakini tangu 2005 Katiba inakitaja kama lugha rasmi ya pili. Uliza swali lako kwa Kiswahili, na kama mkalimani hayupo, jirani atatafsiri.

Jambo moja ambalo wachungaji wanalisahau: shule nyingi za msingi zilianzishwa na makanisa, na mwanzilishi ana viti kwenye kamati ya shule. Nani ameketi hapo kwa niaba ya dayosisi au parokia yenu? Mara nyingi ni mzee aliyeteuliwa zamani, anayekwenda kunywa soda. Mbadilisheni, au msaidieni aende na maswali mawili yaliyoandikwa.

Hatua ya tano: chai

Kukataa rushwa kunahitaji maneno yaliyoandaliwa, kwa sababu wakati wenyewe ukifika ulimi huwa mzito. Nayatoa ya kwangu. Barabarani: "Afande, kama nimekosa niandikie faini, nitalipa benki." Halafu nyamaza, usijieleze. Ofisini: "Naomba kujua ada halali na risiti yake." Kituoni, ndugu yako akiwa ndani: bondi (dhamana) ya polisi haina malipo, imebandikwa hata ukutani kwao, na mtuhumiwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Sema hivyo taratibu, ukiwa na mtu wa pili.

Itakugharimu. Utachelewa, utarudi kesho, na kesho kutwa. Sitakudanganya kwamba nimeshinda kila mara. Mwaka fulani mwanangu alikuwa mahututi na mtu mwenye koti jeupe akasema kitanda kimejaa, kisha akaangalia mfuko wangu. Nilitoa. Ninaungama hivyo ili usinisome kama malaika.

Ukiwa na ushahidi wa wizi mkubwa, ofisi ya IGG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, hupokea malalamiko, hata ya asiyetaja jina. Sheria ya mwaka 2010 inamlinda anayefichua uovu, na pesa zikirudishwa inampa asilimia 5 ya kilichookolewa. Usitangaze kwanza mtandaoni. Kusanya nakala, tarehe na kiasi, ondoa matusi, kisha peleka.

Hatua ya sita: msimu wa kampeni

Hapa turudi kwenye mabati. Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya 2005 inasema anayetoa zawadi ili kushawishi kura ametenda kosa, na anayepokea naye ametenda kosa. Inakataza pia mgombea au wakala wake kuendesha michango au kutoa misaada wakati wa kampeni. Nilikuwa sijaisoma. Nilidhani ni neema.

Kwa hiyo kanisa liweke utaratibu mapema, kabla wagombea hawajaanza kuonekana, na uandikwe kwenye kumbukumbu za baraza la wazee. Wetu sasa uko hivi. Mgombea anakaribishwa kuabudu kama mtu yeyote, ataketi benchi lolote, hatapewa kipaza sauti. Harambee ya ujenzi haifanyiki kuanzia uteuzi wa wagombea hadi matokeo yatangazwe. Sadaka inaingia kapuni bila jina kusomwa. Mchungaji hataji chama madhabahuni wala kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Wagombea wakitaka kusikilizwa, waalikwe wote siku ya kazi, ukumbini, na maswali yaulizwe na waumini.

Mchungaji wetu mwanzoni alinuna. Alikuwa na deni la saruji.

Sababu ya ukali huu ni historia yetu pia. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, waliojulikana kama Wafaransa na Waingereza, walipigana kwa bunduki pale Mengo. Uhuru ulipokaribia, watu walivitania vyama vya siasa kwamba DP ni Dini ya Papa na UPC ni Waprotestanti wa Canterbury, na ulikuwa mzaha wenye ukweli mchungu. Ndiyo maana Katiba ya 1995 inasema nchi haitakuwa na dini ya serikali, wala chama hakitajengwa juu ya dini. Ukimchagua mtu kwa kuwa ni wa dhehebu lako, unairudisha Mengo kwa karatasi. Mpime hivi: mali yake aliipataje, wafanyakazi wake anawalipaje, alifanya nini kabla hajahitaji kura? Nehemia alikaa miaka 12 bila kula posho ya uliwali.

Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliye kwenye foleni saa 10 bado anapiga kura. Usirudi nyumbani baada ya kupiga. Kura huhesabiwa pale pale kituoni, hadharani, na matokeo huandikwa kwenye fomu. Simama kwa utulivu, andika namba. Sukari uliyogawiwa? Wapo wanaoshauri "kula, lakini chagua unayemtaka". Mimi siukubali ushauri huo. Unamfundisha mwanao kwamba uongo ni werevu, na sukari yenyewe itarudishwa kwa kalvati.

Pale utii unapokoma

Hapa sina hatua za kupanga. Mitume walisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, lakini walisema hivyo walipokatazwa kumhubiri Kristo, si walipochelewa kulipa leseni ya biashara. Tusiuchezee mstari ule. Tuna mifano yetu. Tarehe 3 Juni kule Namugongo tunawakumbuka vijana wa jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, waliochomwa mwaka 1886. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu mwaka 1972 na hakuonekana tena. Askofu Mkuu Janani Luwum, baada ya nyumba yake kupekuliwa usiku na askari, aliungana na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua, Februari 1977. Tarehe 16 mwezi huo huo akauawa, na leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Kinachonigusa ni kwamba walianza na barua iliyotiwa sahihi. Hawakuchochea umati wala hawakunong'ona.

Kabla hujafika huko, shirikisha watu. Ukijikuta wewe peke yako ndiye unayeona kwamba Mungu amekuagiza kuvunja sheria, kaa kwanza na wazee wawili na wakili mmoja.

Walioketi nasi bila kura

Ibada za Kiswahili zina Wakongo wengi, waliotoka Nakivale, Kyaka II, au wanaoishi mjini. Mkimbizi hapigi kura, na siasa za nchi hii si salama kwake. Msimvute kwenye fulana za chama, hata kwa nauli na soda. Ila jirani wa kisima kimoja ana la kusema kuhusu kisima, na huko kambini wana mabaraza yao wanayoyachagua. Kazi ya raia hapa ni kuwa mdomo wa asiye na kura: mtoto wake akikataliwa shule, nenda naye kwa mwalimu mkuu wewe mwenye ndaga muntu.

Kwetu tunakutana watu wanane, Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, chini ya mwembe. Tunaomba kwa dakika tano, kisha daftari linafunguliwa: nani alikwenda ofisi gani, alijibiwa nini, nani anakwenda mwezi huu. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ya kalvati. Tulimaliza siku 21, tukaandika ya pili, na ya tatu tukapeleka nakala kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Kalvati limewekwa, jembamba kuliko lile lililoandikwa kwenye mpango. Barua ya nne iko kwangu, inangoja sahihi ya mchungaji.